Huko Mjini Hakuna Viti?

Hakuna kibao. Bodaboda aliniacha penye mashine ya kusaga,
akanyoosha kidevu: fuata mihogo hadi iishe.
Nikaifuata. Mihogo ikaisha, yakaanza majabali,
moja juu ya jingine, kama vyombo
alivyovipanga mtu aliyeitwa ghafla mlangoni,
na katikati upenyo wa kupita ubavu ubavu,
mkoba kichwani, viatu mkononi,
halafu ziwa.

Si lile la kwetu Kirumba
lenye rangirangi za dizeli na chupa zinazoelea.
Hili lilikuwa limekunjwa humo ndani
kama kanga ambayo bado haijakatwa pindo.
Mchanga wa chengachenga, mweupe,
unaolia chini ya kisigino: krii, krii.
Nyayo za kwanza, fundichuma.
Za pili, kenge, na mkia wake katikati
kama mstari wa mwalimu aliyekasirika.
Za tatu zangu. Nikageuka, nikaziona,
nikaona haya.

Mimi nakaa mapokezi, hoteli ya ghorofa nne, Capri Point.
Miaka sita nauza chumba chenye mandhari ya ziwa
kwa elfu ishirini zaidi ya chenye mandhari ya maegesho.
Ziwa nalijua kwa kioo.
Siku ile nililichota kwa kiganja, nikalionja:
lina ladha ya sufuria iliyolala nje.

Nilidhani niko peke yangu.
"Za kutwa," likasema jiwe.
Nyuma ya jiwe, Mama Nyangeta,
mikono hadi viwikoni kwenye beseni,
anaosha muhogo uliovunda siku nne,
harufu kali kuliko salamu yake.

Umepotea?
Sijapotea.
Unanunua dagaa?
Hapana.
Basi ni wa ardhi. Wa kupima.
Hapana, mama. Nimekuja kukaa tu.

Akaacha kuosha.
Akanitazama kuanzia kofia hadi kucha nilizopaka rangi.
"Kukaa. Meli, pikipiki, miguu, nauli yote hiyo.
Huko mjini hakuna viti?"

Tulicheka mpaka mnandi wakaruka kutoka jabalini,
wote kwa pamoja, kama kitu kilichomwagika.

Akanionyesha pa kuoga na pa kutooga:
pale penye matete pana kichocho,
na saa kumi na moja niwe nimeondoka,
kiboko ana njia yake hapa
na yeye hapishani na mtu.
Akanimegea kiazi. Tukatafuna tukitazama maji,
mimi nikiyatazama, yeye akiyachungulia,
kwamba upepo ukigeuka udaga wake utalowa.

"Barabara wakiileta," akasema,
na mimi moyoni nilikuwa nimeshaomba isije,
nimeshaiziba kwa mikono miwili pale penye upenyo,
"barabara ingekuwapo, binti yangu asingejifungulia
juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli,
hapo ulipopita, penye mihogo mifupi."

Mtoto je?
"Yupo. Tunamwita Pedeli. Darasa la pili.
Akikimbia, huwezi kumshika."

Nikanyamaza. Nikamsaidia kujitwika beseni,
maji ya muhogo yakanitiririkia hadi kwapani.
Akaondoka na nyayo zake pana,
zikapita juu ya zangu bila kuomba radhi.

Jumatatu, mgeni mmoja akaegemea kaunta.
Kuna ufukwe wowote huku, akauliza,
wenye mchanga, usio na watu, usio na chochote?
Nikavuta droo, nikatafuta ramani
ninayojua haimo.
Ndani ya kiatu changu, krii.

"Bwawa letu la kuogelea," nikasema,
"liko wazi hadi saa nne usiku."

Akashukuru, akachukua taulo.
Nilimdanganya. Mpaka leo sijui
nilimnyima nani: yeye,
au Pedeli.